Mtoto Aliyefuata Mapacha

Watafiti walipokuja kwenye shule ya binti yangu hapa Tabora, nilikuwa miongoni mwa wazazi wa kwanza kutia saini. Mtu akizungumza nami kwa adabu huwa nalegea, na yule dada aliyetoka chuo kimoja cha Dar es Salaam alizungumza kwa adabu mpaka nikasahau kwamba nyumbani nimeacha asali inachujika bila mwangalizi. Alitueleza kwamba chuo chao kimeungana na vyuo vya nchi nyingine kuchunguza jinsi watoto wanavyoonewa shuleni na kwenye simu. Kila mtoto atazungumza faraghani. Majina hayatatajwa. Na mtoto akitaka kujitoa kwenye utafiti, aseme tu wakati wowote, hata baada ya kuzungumza, maneno yake yatafutwa na hakuna atakayemuuliza sababu.

Mkuu wa shule naye akasimama, akasema shuleni kwake simu ni marufuku, kwa hiyo huo uonevu wa mitandaoni wao wanausikia redioni tu. Tukapiga makofi. Sisi wazazi tukishawekwa kwenye viti vya plastiki hupiga makofi kwa lolote.

Wakaja, wakazungumza na watoto, wakaondoka. Miezi ikapita. Nilikuwa nimeshausahau mradi wenyewe pale barua ya mwaliko ilipofika: watafiti wamerudi kutoa mrejesho, wazazi wote tunaombwa kuhudhuria. Mume wangu alikuwa Urambo kwenye masoko ya tumbaku, nikaenda peke yangu. Nilivaa vizuri, isipokuwa miguuni: viatu vya Jumapili vinanibana, nikaenda na kandambili. Nilikwenda kama mtu anayekwenda kusikiliza matatizo ya watu wengine.

Ukumbi ulijaa. Wazazi tulikaa upande wa madirisha, wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu upande wa pili, walimu mbele. Dada wa Dar alikuwepo, safari hii na profesa wa kizungu, mama mtu mzima mwenye mvi, ambaye alikuwa amejifunza kusema shikamoo na akawa anamwamkia kila mtu, hata watoto wa kidato cha pili. Watoto walicheka mpaka mwalimu wa zamu akawakemea. Binti yangu nilimwona mstari wa nyuma karibu na mlango. Hakuwa anacheka, lakini yeye si wa kuchekacheka.

Dada alieleza walichokigundua, akaonyesha michoro ukutani kwa projekta. Kisha akasema sasa mtasikia sauti ya mwanafunzi mmoja kwa maneno yake mwenyewe. Maneno yakatokea ukutani, na yeye akayasoma kwa sauti yake laini.

"Walinipiga picha nikiwa bombani. Sketi yangu ilikuwa imechafuka, nilikuwa kwenye siku zangu na sikujua. Ilikuwa likizo, tumekuja masomo ya ziada, na mmoja wao alibeba simu ya kwao. Picha ikazunguka. Shule ilipofunguliwa hawakuhitaji simu tena, walikuja nayo midomoni. Nikikatiza uwanjani wananipigia miluzi."

Nilishika shavu kama wenzangu. Mama aliyekaa karibu nami aliniwekea mkono gotini, akasema, "Jamani, watoto hawa," nami nikasema, "Hawana utu kabisa." Nilimwonea huruma mtoto wa watu.

"Wamesema nikimwambia mtu, wataituma kwenye kundi la kwaya ya kanisani kwetu, mama yangu aione na wazee wa kanisa waione. Wakijua kwamba nimesema, nitapanda gari lolote linalotoka mji huu na sitarudi."

Hapo nilianza kusikia baridi, ingawa bado sikujua kwa nini. Mimi naimba kwaya, lakini waimbaji wa kwaya ni wengi Tabora. Kisha dada akasoma mstari wa mwisho.

"Nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ndiye niliyefuata mapacha, na kaka zangu hao wamekwenda kusoma mbali."

Lazima nieleze hapa, maana dada kwao ni pwani na hakujua, na huko Ulaya walikokaa kuyahakiki maandishi yale ndiyo kabisa. Kwetu Unyamwezini, mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha hatafutiwi jina. Jina linamngojea. Awe wa kike, awe wa kiume, ni hilohilo, na ndilo linaloitwa kwenye mahudhurio kila asubuhi. Walikuwa wameondoa jina la mtoto, jina la kata, jina la kanisa, hata jina la shule, wakaacha jambo moja waliloliona la kifamilia tu. Kwa masikio ya ukumbi ule, walikuwa wamemwita kwa kipaza sauti.

Na kaka zake walisoma shule hiyohiyo, mmoja golikipa, mwingine mshambuliaji, hakuna mwalimu asiyewakumbuka. Mimi mwenyewe mjini hapa siitwi vinginevyo ila Mama Mapacha. Kwa hiyo watu hawakuanza kumtazama yeye. Walianza kunitazama mimi. Vichwa viligeuka mstari kwa mstari, na mama aliyekaa karibu nami akaondoa mkono wake kwenye goti langu taratibu.

Upande wa wanafunzi mtu alipiga mluzi. Mfupi tu.

Niligeuka kumtazama binti yangu. Mahali pake palikuwa wazi na mlango ulikuwa unachezacheza.

Sijui nilivyotoka. Najua nilimkanyaga mtu na sikuomba radhi. Nje jua lilikuwa kali na uwanja ulikuwa mtupu, na mlinzi wa getini akasema amepita mwanafunzi anakimbia, alidhani ametumwa. Nilimtukana mlinzi yule tusi ambalo mwimbaji wa kwaya hapaswi kulijua. 

Dada wa Dar alinifikia pale akiwa anahema. "Mama, samahani, nimekosea wapi? Jina hatukulitaja."

"Umelitaja," nikamwambia. "Kwetu ukisema mtu kafuata mapacha umeshalitaja jina lake. Hukuweza kumuuliza hata mpishi wa shule?"

Alifunika mdomo kwa mkono. Profesa alikuwa nyuma yake, akauliza kwa Kiingereza nini kimetokea, na dada alipomweleza yule mama akawa mweupe zaidi ya alivyokuwa. Sikuwa na nafasi ya kuwahurumia. Nilichokuwa nakisikia kichwani ni maneno ya mwanangu mwenyewe, kwamba atapanda gari lolote. Nikamwachia dada namba yangu, nikasimamisha bodaboda, nikamwambia stendi, na asiponikimbiza nitamshusha niendeshe mwenyewe.

Mji wetu umezoea watu wanaopita. Babu zetu walibeba mizigo ya misafara kutoka hapa hadi pwani, na tunajisifia jambo hilo hadi leo. Siku ile niliuchukia mji wenye njia nyingi hivyo. Magari yanakwenda Nzega na Igunga, na ukishafika Igunga uko kwenye barabara kuu, unadandia lori la ng'ombe au la mchele uende Mwanza au Dodoma bila mtu kukuuliza unatoka wapi. Kuna yanayokwenda Kigoma. Kuna yanayokwenda Mpanda. Binti wa umri ule mwenye sare ya shule, amekaa kando ya dereva asiyemjua. Mawazo hayo yalinijia moja baada ya jingine wala sikuweza kuyafukuza.

Stendi nilipita basi kwa basi. Nilipanda, nikatazama nyuso, nikashuka. Makondakta walidhani nimeibiwa. Mmoja akaniambia, "Mama, shikamoo, tulia kwanza, unamtafuta nani?" Sikuitikia hata marahaba. Nilifungua mdomo kulitaja jina la binti yangu, nikaufunga. Niliogopa kulitamka mahali penye watu, kana kwamba kila mwenye simu mkononi pale alikuwa ameiona picha. Nikasema tu, "Msichana wa shule, sketi ya bluu."

"Sketi za bluu ni nyingi, mama," akasema, na kwa upole.

Akanionyesha basi la Igunga lililokuwa linatoka getini. Nililikimbilia nikipiga ubavu wake kwa kiganja mpaka likasimama. Ndani kulikuwa na msichana wa sketi ya bluu kiti cha nyuma. Nikamwita "mwanangu" kwa sauti iliyowageuza abiria wote. Hakuwa yeye. Alikuwa mtoto wa mtu mwingine, ananitazama kwa hofu, na mimi nikamtazama kwa chuki kwa sababu tu alikuwa si wangu. Nikashuka.

Nilimpigia simu mume wangu. Alisema, "Nenda stesheni, huenda anakuja kwangu," kisha nikasikia pumzi yake inakatika. Ni mtu asiyeogopa moto wala nyoka. Kumsikia vile kulinimaliza. Nililia pale kando ya muuza maji, mbele ya watu, kwa kelele, sikujali.

Nilikuwa natafuta bodaboda ya kunipeleka stesheni simu ilipoita. Namba ngeni. Sikutaka kuipokea. Mtu akipigiwa na namba ngeni siku kama ile anajua ni nani anaweza kuwa anapiga: polisi, au hospitali. Nilipokea nikiwa nimefumba macho.

Alikuwa dada wa Dar. "Mama, yuko hapa kwetu. Yuko salama. Njoo."

Nyumba ya wageni walikofikia ipo mtaa wa pili kutoka shuleni. Mwanangu alikuwa ametoka pale ukumbini akakimbia moja kwa moja hadi huko, wakati mimi nawachungulia watu ndani ya mabasi. Nilimkuta amekaa barazani kwenye benchi, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtu aliye kwenye foleni ya zahanati. Profesa alikuwa amekaa sakafuni mbele yake, macho mekundu. Nilimkumbatia binti yangu nikamsikia alivyo mgumu. Hakunikumbatia.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nimekuja kujitoa kwenye utafiti," akasema. "Walisema wakati wowote. Walisema watayafuta."

Dada akainamisha kichwa. "Tumeyafuta," akasema. "Ameyafuta profesa mwenyewe, na tumewaandikia wenzetu wote wayafute."

"Lakini wameshasikia," akasema mwanangu. Hakusema kwa hasira. Alisema tu, akitazama vidole vyake. 

Simu yangu ikatoa mlio ndani ya pochi. Kisha mwingine, na mwingine. Mlio ule naujua, ni wa kundi la kwaya.

Uso wa mwanangu ulibadilika. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. "Usifungue, mama. Nakuomba. Usifungue."

Nami sikutaka kufungua. Naandika haya nikisema kweli: niliogopa kuiona. Nilikuwa nimeitengeneza kichwani njia nzima kutoka stendi, na kila nilipoitengeneza ilizidi ubaya. Lakini waimbaji wote walikuwa wanaiona wakati ule, na niliona haiwezekani kila mtu awe ameiona ila mimi. Nikafungua.

Ilikuwa imetumwa kutoka kwenye simu ya mwimbaji mwenzangu, ambaye ana binti kidato cha tatu. Bomba la shule, ndoo ya kijani, mtoto wangu ameinama anasuuza mikono, doa kwenye sketi. Juu yake wameandika maneno ambayo sitayarudia. Niliitazama kwa muda. Alikuwa amekonda sana kwenye picha ile.

"Umeiona," akasema.

"Nimeiona. Sasa naweza kusema?"

Hakuelewa. Nikamwonyesha alama ya kipaza sauti kwenye simu. Alifikiri, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile, akatikisa kichwa kukubali. Nikabonyeza. Kidole kikateleza, nikaanza upya.

Nilisema, "Huyo ni mwanangu." Nikalitaja jina lake, lile alilozaliwa nalo, na la baba yake, yote mawili. Nikasema yuko hapa amekaa na mimi. Nikasema hiyo ni damu ya mwezi, hakuna mwanamke kwenye kwaya hii asiyeijua, na wanaume mliomo humu mlizaliwa na wanaoijua. Nikasema aliyemshikisha mtoto wake simu iliyotuma picha hii amuulize mtoto huyo leo, kabla sijafika kumuuliza mimi. Nikaachia kidole, ikaenda.

Tulikaa tukiitazama simu kama watu wanaongoja matokeo.  Majina ya waliosikiliza yaliongezeka, na hakuna aliyejibu.

"Kesho niende shule?" akauliza.

Nikamwambia tutakwenda wote wawili, nami nitakaa nje ya darasa lake hadi wanifukuze. Nilipokuwa nasema hivyo nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa stendi. Stendi nilikuwa namtafuta mtoto mmoja tu. Kesho pale getini wangekuwepo watoto wa shule nzima, na miluzi yao, na mimi sijui hata mmoja wao nimfanye nini.

 Mwanangu akatazama chini, miguuni pangu, vumbi la stendi hadi kwenye vifundo.

"Basi usije na kandambili, mama," akasema.