Bahari Tuliyomlia Mama

Kila msimu wa kahawa, kule kwetu Isansa, baba alimwahidi mama kumpeleka kuiona bahari. Na kila msimu ada za shule zetu, watoto wanne, zikaimeza safari. Mama akazoea kututania kwamba tumemlia bahari yake. Baba akafariki hajaitimiza ahadi. Nikaapa: mwaka huu mama anakanyaga maji ya chumvi, liwalo na liwe!

Tukafika Dar es Salaam, lakini safari ya basi ikamvimbisha magoti, siku mbili akalala tu kwa dada yangu. Ikabaki alasiri moja. Alfajiri yake tunarudi. Njiani kuelekea ufukweni nikamketisha kwenye bustani ya umma apumzishe magoti, nikaenda kununua maji. Kosa langu hilo! Kurudi, mama yumo ndani ya kichaka cha maua, anang'oa machipukizi kama yuko kwenye mibuni yake.

"Maotea yote haya! Mti utazaa nini?"

"Mama, haya ni maua! Hayazai!"

Mlinzi huyo, mbio. Akatuweka kwenye benchi tumsubiri msimamizi. Jua linashuka, mimi nabwata, mama katulia tuli. Msimamizi akaja amefura. Mama hakumpa nafasi.

"Mwanangu, nani anatunza hapa? Mnauua huu mti."

Akamshika mkono, akamwonyesha chipukizi la kuondoa na la kuacha. Yule bwana akachuchumaa kutazama. Mara akamwita na mlinzi, somo likakolea, mimi macho kwenye jua.

"Shikamoo mama, na ule wa pale je?" akauliza msimamizi, hasira zimekwisha.

"Ule wa pale mtajua wenyewe!" nikadakia. "Sisi tunaenda baharini!"

Tuliwahi, kwa mapenzi ya Mungu. Mama akavua raba, akakunja kitenge, akaingia hadi magotini, yale yale magoti mabovu. Wimbi likampiga, akapiga kigelegele watu wote wakageuka. Furaha niliyoipata sina pa kuiweka. Akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Kumbe ndiyo hii mliyonilia ninyi wanne!" akasema, anacheka machozi yanamtoka. "Ina chumvi hivi, mliimalizaje?"

Nikaingia majini na viatu vyangu, nikamkumbatia.