Pikapu Iliyotazama Bondeni

Nilirudi nyumbani Kedowa likizo ile nikiwa na nia moja tu: kumfumania mama yangu na kuni.

Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba kifua chake hakitaki moshi. Sisi watoto tukajikusanya tukamnunulia jiko la gesi, na kaka yangu mkubwa akaja mwenyewe kulifunga na kupiga marufuku kuni. Lakini kila nilipompigia simu asubuhi nilisikia kikohozi kile kile, kirefu, cha kukata maneno katikati. Mama ni mtu wa chai, na aliwahi kusema mbele ya kijana aliyeleta mtungi kwamba chai ya gesi ni maji ya moto yaliyopakwa rangi. Kwa hiyo sikuhitaji ushahidi mwingine. Nimekuwa mwalimu miaka ishirini na ushei, na mtu anayenificha kitu namjua hata kwa simu.

Asubuhi ya kwanza niliamka kabla ya kila mtu, nikatoka peku peku hadi jikoni, ambako kwetu ni chumba cha mabati kilichojengwa kando ya nyumba kubwa. Nikachuchumaa penye mafiga ya zamani kutafuta majivu. Katikati ya mafiga yale kuku alikuwa anaatamia mayai. Alinitazama kwa jicho moja kama mwenye nyumba anayemtazama mwizi mzembe.

"Umepoteza nini hapo?" Mama aliuliza kutoka mlangoni.

Nikasema natafuta kiberiti. Akanionyesha kiberiti juu ya jiko la gesi, mahali ambapo kila mtu angekiona, akabandika sufuria ya chai. Mama hana haja ya kukugombeza. Anakuacha ujigombeze mwenyewe.

Maji yalikuwa hayajaanza kuimba wakati Baba alipowasha pikapu nje. Pikapu yenyewe ni ya dizeli, kuukuu, rangi yake ya zamani ilikuwa nyeupe. Baba ana miaka sabini na kitu, na hicho kitu hakitaji. Kila asubuhi hupakia mitungi ya maziwa ya majirani wanane na kuyapeleka kwenye kituo cha kupozea maziwa pale senta, penye maduka. Hajawahi kukosa hata siku moja, awe mgonjwa, iwe mvua, iwe Krismasi. Alikuwa ameiegesha hatua tatu kutoka mlango wa jikoni, mkia wake ukituelekea sisi. Starta ikalia kwa uvivu, injini ikapiga chafya, kisha likatoka wingu.

Sijui niliite wingu gani. Lilikuwa la buluu iliyofifia, zito, linanuka mafuta ya injini yaliyoungua, na kwa kuwa hewa ya alfajiri Kedowa ni ya baridi na haisogei, halikupanda juu. Lilitambaa chini kwa chini, likaingia jikoni. Mama akageukia ukuta, akaweka leso mdomoni na kuanza kukohoa. Alikohoa mpaka akashika meza. Nilipomfikia mabega yake yalikuwa yanaruka mikononi mwangu, na nilisikia filimbi ndogo ndani ya kifua chake. Baada ya dakika chache moshi ulikatika wenyewe, injini ikatulia, na Baba akaondoka na maziwa yake akipiga mluzi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nimekuja kumshtaki mama kwa kuni ambazo hakuzigusa, kumbe moshi ulikuwa unamfuata hadi kwenye sufuria kila alfajiri. Nilimwomba radhi pale pale. Akasema, "Mimi nilijua mtafika tu. Mlikuwa mnakuja pole pole."

"Kwa nini hukutuambia ni gari?"

"Mngemnyang'anya." Akapepeta majani ya chai kwenye kiganja. "Na akikaa hapa bila hiyo gari, nitakufa kwa haraka kuliko kwa moshi."

Aliyasema hayo kwa utani, lakini nilimwelewa. Kaka zangu walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba pikapu iuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Fundi mmoja wa njia panda alikuwa ameitazama kwa mbali akatamka kwamba ringi za pistoni zimekwisha, injini ni ya kufungua yote, na heri mzee apumzike. Kupumzika ni neno baya sana nyumbani kwetu. Wazee wengi niliowajua walipumzika kidogo, kisha tukawazika.

Baba aliporudi nilimkabili uani.

"Hiyo si moshi," akasema. "Ni baridi. Hata ng'ombe inatoa kwa pua asubuhi, na hakuna mtu anaiitia fundi."

"Baba, ng'ombe hatoi moshi wa buluu."

"Hujakaa na ng'ombe siku nyingi."

Nilikasirika, maana hasira zangu ziko karibu. Nikampigia simu fundi wa Chepseon, rafiki wa Baba wa miaka mingi, mtu ambaye wazazi wake walihamia kwetu kutoka upande wa Nyeri na ambaye sasa anasalimia watu kwa Kikipsigis vizuri kuliko watoto wangu. Akaniambia nisiruhusu mtu aguse gari mpaka afike kesho yake. "Mgonjwa wa asubuhi anapimwa asubuhi," alisema.

Alifika kwa pikipiki saa kumi na mbili, akiwa amevaa kabuti hadi magotini. Hakugusa injini kwanza. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakitazama. Akafungua rejeta, akachungulia. Maji yalikuwa yamejaa, tena safi. Kisha akamwambia Baba awashe, naye akainama nyuma na kipande cha kitambaa cheupe mbele ya bomba la eksosi. Wingu likamfunika mpaka kiunoni. Mama tulikuwa tumemfungia ndani ya nyumba kubwa. Moshi ulipokatika, fundi alikinusa kitambaa kama mnunuzi anavyonusa mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kabla ya kulipia kibuyu kizima, kisha akanionyesha vidoadoa vyeusi vya mafuta.

"Moshi nyeupe ya dizeli ingechoma macho. Ya maji ya rejeta ingenuka tamu," alisema. "Hii ni oil. Mzee, ukipanda kilima ya Chepseon na mzigo, inatoa moshi?"

"Hapana. Inapanda tu safi."

"Na ukizima senta, unywe chai, uwashe tena?"

"Hakuna kitu."

"Basi ringi ziko. Ringi zikikufa, moshi haichaguangi saa. Hii inakula oil usiku, inatapika asubuhi." Akarudi nyuma hatua kumi, akaitazama pikapu akiwa amekunja mikono. "Na inalala hapa kila siku? Hivi, kichwa chini?"

Inafaa nieleze. Kwetu gari haliegeshwi ovyo. Nchi hii yote ya chai ni miteremko, na baridi ya Kedowa huua betri kabla ya siku zake, kwa hiyo mwenye gari la zamani huliacha jioni likitazama bondeni. Asubuhi likigoma unaachia breki, linateremka lenyewe, unaingiza gia ya pili, linashika. Hata mgeni akija na gari jipya utaona mtu anamwashiria kwa mkono aligeuze. Hakuna anayeuliza sababu.

"Ndiyo shida hiyo," fundi akasema. "Sili za valvu, zile mipira za kuzuia oil, zimezeeka. Gari ikiinama usiku mzima, oil yote ya juu inakimbia mbele, inakaa juu ya valvu za mbele, inashuka kwa silinda pole pole. Ukiwasha, ndiyo hiyo mnachoma. Sili nitaleta wiki ijayo, si kazi kubwa. Lakini nataka kuwa sure. Leo ilale pale kwa tambarare, karibu na geti. Kesho ikikosa moshi, tumejua."

Nilifurahi kiasi cha kutaka kumkumbatia. Hakuna kufungua injini, hakuna kuuza kwa kilo. Nilimgeukia Baba nikitarajia naye afurahi. Alikuwa anatazama chini, anasugua tope la kiatu kwa kiatu kingine.

"Tambarare," akasema. "Sawa."

Kesho yake fundi alifika tena saa ile ile. Tulimkuta Baba ameshakaa kwenye usukani, na blanketi mabegani. Alitupungia mkono, akawasha. Injini ilishika mara moja, na kwenye eksosi hakukuonekana kitu ila mvuke mwembamba. Baba akatoa kichwa dirishani akicheka.

"Si mmeona? Imepona."

Fundi hakucheka. Alizunguka mbele, akaweka kiganja juu ya bonneti, akakiacha hapo kwa muda.

"Mzee, hii gari imelala ama imekesha?"

Baba akazima injini. Nikasogea, nikagusa bonneti. Ilikuwa na joto kama chapati iliyofunikwa. Nikapandisha sauti, sikatai. Nikamwambia tumemwamsha mtu Chepseon alfajiri mara mbili, kwamba Mama anakohoa mpaka anashika meza, kwamba yeye anacheza kama mtoto. Nilisema na mengine ambayo mwalimu hafai kumwambia mzazi wake. Alinisikiliza yote.

"Niliiwasha mara tatu usiku," akasema nilipomaliza. "Ningefanya nini? Ikikataa hapa kwa tambarare, nani atasukuma? Mimi peke yangu?"

"Ikatae, basi. Ni maziwa tu, Baba. Yatangoja."

"Si maziwa."

Akasimulia, akitazama mikono yake kwenye usukani. Mwaka juzi, msimu wa mvua, sisi tukiwa makwetu kila mtu na shughuli zake, Mama alibanwa kifua kukiwa kunapambazuka. Pikapu ilikuwa pale pale karibu na geti. Betri ilikuwa imekufa. Baba alisukuma peke yake matopeni, akaanguka, akasukuma tena, haikusogea. Mwishowe alimbeba Mama mgongoni hadi barabarani, akapata lori la majani ya chai. Mama alitibiwa akarudi, na wakatuambia kwamba alikuwa na homa kidogo. Tangu siku hiyo Baba aliiegesha pikapu mlangoni mwa jikoni, kichwa chini, na hakuwahi kukosea hata usiku mmoja.

"Alikuwa anapumua kwa sikio yangu," alisema. "Nilikuwa nahesabu pumzi. Nilikuwa naogopa isimame."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na shuka yake, hatukumsikia akija. "Mimi nilifikiri unaiweka pale kwa sababu hutaki kulowa," alimwambia. Niliona haya mpaka masikioni. Mtu alikuwa amekaa macho miaka miwili akimlinda mke wake, na kwa ulinzi huo huo alikuwa anamvutisha moshi, na mimi nilikuwa nimemwita mtoto. Nilimpenda sana baba yangu asubuhi ile, na nilitamani kumwambia hivyo, lakini kwetu hatuna namna ya kulisema neno hilo kwa mzee. Nikamwomba msamaha, akasema hakusikia kosa.

Ni Mama aliyekata shauri. "Leo nitalala kwa huyu, Kericho," alisema akinionyesha kwa kidevu. "Hospitali iko karibu na kwake. Sitakuwa hapa, kwa hivyo huna mtu wa kukimbiza. Uache hiyo gari ilale."

Baba akashuka, akamfungulia fundi bonneti. Fundi aliutumia wakati huo kukwangua vichwa vya betri, vilivyokuwa vimeota unga wa kijani, akavikaza, akamwonyesha Baba kwamba havichezi. Saa kumi jioni Baba mwenyewe alitupeleka Kericho. Alikagua kitanda ambacho Mama angelalia, akauliza mlango unafungwaje, akauliza hospitali ni upande upi ingawa anaijua vizuri. Mama akamwambia aende kabla ya ukungu.

Asubuhi simu yangu iliita kabla sijatoka kitandani. Alikuwa fundi.

"Mwalimu, nimegusa bonneti. Baridi kama barafu. Imeshika mara moja, na hakuna moshi. Hata kidogo."

Nilimshukuru mpaka nikachanganya lugha. Nikamwomba ampe Baba simu.

"Ameenda. Hata hakungoja nimalize kuongea. Maziwa ya watu yote ameacha kwa geti, ameniambia nipeleke na pikipiki. Mitungi nane, mwalimu. Na mimi niko na pikipiki."

Nilikwenda kumwambia Mama. Nilifikiri nitamwamsha. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu na kitambaa cha kichwa, mkoba uko magotini. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

"Nilisikia simu," alisema. "Amefika wapi?"