Aliyekuwa Akiikata Pumzi Mashine Yangu

Mashine yangu ilianza kukata pumzi kila asubuhi, na kompresa inayoisukumia upepo imejaa tele.

Si mara moja. Kila siku, saa ya chai. Nabonyeza kitufe, kimya. Nakifuta, nabonyeza tena, kimya. Baada ya muda inafufuka yenyewe na kuchapa kazi kana kwamba haijawahi kuumwa.

Mimi si mtu wa kuamini mambo ya majini, lakini siku zile nilianza kulisalimia banda kabla ya kuingia.

Ngoja niwaeleze vizuri msipotee njiani.

Mimi ni fundi wa vipuri. Nyuma ya nyumba nina banda la mabati, na ndani yake kuna mashine ya kuchonga chuma, nzito, ndefu kunizidi. Kisu chake kinashikwa na boliti ndefu inayoshuka kutoka juu ya kichwa cha mashine. Kila unapobadili kisu lazima uinue mkono huko juu, ulegeze boliti kwa spana, ugonge kwa nyundo mpaka kisu kiachie, uweke kingine, ukaze tena. Kazi moja tu inaweza kukufanya ubadili visu mpaka uchoke.

Sasa mimi nilianguka ngazini nikirekebisha paa. Bega la kulia likaharibika. Daktari akasema nimshukuru Mungu, ila huo mkono hautapanda tena kupita kidevu.

Na banda ndilo maisha yangu. Nisipoweza kubadili kisu, banda linafungwa, nami nabaki kukaa mlangoni nikiangalia kuku wa jirani.

Aliyeniokoa ni mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, anashonea barazani, upande wa pili wa ukuta. Nikitaka kubadili kisu napaza sauti, "Mama watoto, njoo unifungulie." Anaacha nguo ya mteja, anakuja, anapanda stuli, anazungusha spana, anagonga nyundo. Mimi huku chini nakidaka kisu kwa mkono wa kushoto.

Lakini jamani, yule mwanamke analalamika.

"Mimi nimeolewa au nimeajiriwa?"

"Jana umeniita, leo umeniita. Hiyo boliti haina mwenyewe?"

"Mteja wangu ataenda harusini na gauni la mkono mmoja kwa sababu yako."

Analalamika akiwa juu ya stuli, analalamika akishuka, analalamika akiwa amekaa kwenye ndoo anakunywa chai na kunipa habari za wateja wake. Watoto wetu wote wameshahama, kwa hiyo hakuna wa kupokezana naye.

Nikasema, huyu mama namtesa. Lazima nimpumzishe.

Shemeji yangu, kaka yake, ni fundi wa matairi. Nikamwomba spana yake kuukuu ya upepo, ile ya kufungulia nati za magurudumu. Akanipa, akasema, "Ukiiharibu, dada anarudi nyumbani." Ndio utani wake siku zote.

Nikaanza kazi. Nikachomelea fremu juu ya kichwa cha mashine, nikaining'iniza spana humo kwa springi. Juu yake nikafunga silinda ndogo ya upepo. Ukibonyeza kitufe, silinda inaisukuma spana chini, spana inakishika kichwa cha boliti na kukizungusha. Mtikisiko wake peke yake unatosha kukiachisha kisu, nyundo ya nini. Ukiachia kitufe, springi zinaiinua spana ili isiguse kitu mashine inapozunguka. Vitufe nikaviweka usawa wa kiuno, kimoja cha kulegeza, kingine cha kukaza.

Siku ya kujaribu nikabonyeza cha kulegeza. Trrrr. Boliti ikalegea kwa raha zote, nami nikabaki nimeikodolea macho spana kule juu kama mtu anayetazama ndege ikipita. Nikasahau kabisa kwamba mkono wangu wa kushoto una kazi yake huku chini. Kisu kikadondoka mezani, jino lake moja likakatika.

Sauti ya mke wangu ikapenya ukutani. "Umekufa?"

"Bado."

"Basi sawa." Cherehani ikaendelea.

Baada ya hapo nikajifunza kudaka. Wiki nzima nikafanya kazi bila kumwita mtu, nikawa napiga mluzi peke yangu bandani.

Ndipo ule mtambo wangu wa upepo ukaanza kukata pumzi.

Nikabadili mpira wa upepo. Nikafungua vitufe, nikasafisha, nikarudishia. Nikaishusha silinda nzima. Fundi akipata hitilafu huanza kushuku kile alichokitengeneza mwenyewe, na ile silinda niliishuku mpaka nikaionea huruma. Kila inapogoma kazi iko katikati, basi napaza sauti, "Mama watoto, njoo unifungulie."

Anakuja. "Si ulisema una mtambo?" Anapanda stuli, ananifungulia, anakaa kwenye ndoo, anakunywa chai. Akiondoka tu, upepo unarudi.

Nikamwita shemeji. Akatoka kwenda kuikagua kompresa, ambayo niliiweka barazani karibu na cherehani ili kelele zake zisinisumbue mimi. Akakaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa amejiuma midomo asicheke.

"Shemeji, mtambo wako hauna ugonjwa. Una mtu."

"Mtu gani?"

"Mimi sisemi. Tumetoka tumbo moja."

Na shemeji ana dada mmoja tu.

Kesho yake, saa ya chai ilipokaribia, nikaiacha mashine inaunguruma bandani, nikanyata, nikajibanza nyuma ya tangi la maji.

Mke wangu akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akajinyoosha. Akaisogelea kompresa, akafunga koki ya upepo. Kisha akarudi kukaa, kikombe mkononi, akisubiri kuitwa.

Nikajitokeza. "Kumbe ni wewe."

"Ulitaka awe nani?"

"Nimeifungua ile silinda mpaka nati zimeisha meno. Kwa nini lakini?"

Akaangalia kikombe chake. "Ulikuwa unaniita kila siku. Halafu ukaacha. Wiki nzima nasikia trrr, trrr, na hakuna anayesema mama watoto. Nikaona nimebaki na cherehani tu."

"Lakini ulikuwa unalalamika."

"Sasa ulitaka nije nacheka?"

Miaka yote hii naishi naye, na sikujua kwamba kulalamika kwake ndiko kuongea na mimi. Iliniuma. Kisha nikafurahi mpaka nikaona haya.

"Basi nitaung'oa ule mtambo."

"Thubutu. Bega langu nalo limechoka na nyundo yako. Mtambo uache. Wewe niite tu."

Ndivyo tunavyoishi sasa. Boliti inafunguliwa na upepo. Saa ya chai ikifika napaza sauti, anakuja, anauliza ameitiwa nini, namwambia hata sijui. Anasema nampotezea muda, anakaa, na hanyanyuki mpaka chai iishe.

Ninachowaachia ni hiki: ukitaka kumpunguzia mtu kazi, muulize kwanza anaipendea nini. Mimi nilidhani namwondolea mzigo, kumbe nilikuwa namnyang'anya mume.