Walisema Alikimbia

Wateja walimbandika jina Sindano, na si kwa ajili ya cherehani peke yake. Ukimletea kitambaa kifupi ukitaka gauni refu, alikujibu papo hapo: "Mimi fundi, si mganga." Lakini siku alipoingia kwenye makumbusho ya shambulio la bomu, ng'ambo ya duka lake, pamoja na binti wa marehemu mdogo wake, utani ulimwisha.

Alijiona ukutani. Picha ilikuwa kubwa kama mlango: vumbi kichwani, mguu mmoja peku, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Chini waliandika: "Mwanamke asiyejulikana akikimbia kuokoa maisha yake."

"Mama mkubwa, si wewe huyu?" binti aliuliza. Kisha akauliza polepole zaidi, "Ulikimbia?"

Hapo damu ikamchemka.

Siku ile bomu lilipolipuka katika jengo la ofisi ng'ambo ya barabara, mtaa mzima ulitimua mbio kuelekea sokoni. Sindano peke yake aliufuata moshi. Mdogo wake alikuwa humo, ghorofa ya pili, kwenye kazi yake ya kupokea simu. Mpiga picha alikuwa ameshafika langoni. Aligeuka akamnasa akija, moshi ukiwa nyuma ya kamera, na pichani akaonekana kama anayekimbia. Sindano alipita, akafukua kifusi kwa mikono hadi kucha zikang'oka. Mdogo wake alitolewa kesho yake, maiti. Nyumbani aliacha mtoto wa kunyonya, ndiye huyu aliyesimama sasa mbele ya picha, akisubiri jibu.

Wakamwendea mkurugenzi, bwana mwenye sauti ya asali.

"Pole sana, mama. Ila picha hii imezunguka dunia na maneno hayo hayo. Tukiyageuza tutawachanganya watu."

"Mimi mkinizushia miaka yote hii, hamchanganyi mtu?"

"Kukimbia si aibu, mama."

"Nani kasema ni aibu? Waliokimbia walifanya la maana. Mimi sikukimbia! Huyu mtoto nimemlea nikimwambia nilimfuata mama yake. Leo ukuta wenu unaniita mwongo. Eti asiyejulikana! Cherehani yangu iko pale pale. Nani alivuka barabara kuniuliza?"

"Tutaunda kamati, mama."

Sindano aliijua lugha hiyo ya kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Alirudi ukumbini, akatoa chaki ya fundi mkobani, akayafuta maneno yale kwa mistari minene. Mlinzi alimshika mkono. Wageni wakasogea.

"Mwache aseme," mzee mmoja alifoka.

Akasema yote, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. Mlinzi aliuachia mkono. Binti alikuwa analia waziwazi, amemshika mama yake mkubwa kiunoni.

Walimpiga marufuku kukanyaga pale. Lakini habari ilishawaponyoka. Watu wakaanza kupita dukani kwake kuuliza. Mwezi haukuisha, maneno yakabadilishwa. Binti alienda kuyasoma, akarudi nayo: "Fundi cherehani akimfuata mdogo wake ndani ya jengo."

"Na jina la mama yako?"

"Halipo."

Sindano alisimamisha cherehani, akavaa viatu. Marufuku au si marufuku, mlinzi alimfungulia. Mkurugenzi alipomwona mlangoni, aliinuka haraka kumvutia kiti.

"Sikuja kukaa," alimwambia. "Chukua kalamu."