Msumeno wa Baba na Vidole Vilivyoliwa na Sangara

Tangu mama aliponipigia simu Jumatano hadi Jumamosi asubuhi sikupata usingizi wa maana, na kilichoninyima usingizi ni mashine. Niiache ichukuliwe na mnunuzi wa vyuma chakavu, kama mama alivyoamua, au niizuie? Na nikiizuia, nitaifanyia nini? Pasaka nilijigamba kwamba nitajifunza kuitumia, lakini nina shahada ya ugavi, nimepanga chumba kimoja Mkuyuni ambacho kitanda na ndoo vimeshakijaza, na sijawahi kupigilia msumari ukaingia wima. Labda sikuipenda mashine yenyewe bali baba, ambaye ana miaka miwili kaburini. Labda nilipenda harufu ya mbao tu. Nilijiuliza mpaka nikaanza kujiuliza kwa nini najiuliza.

Enzi zetu, na nasema hivyo nikijua nina miaka ishirini na saba na shangazi zangu wakinisikia watacheka hadi wakae chini, kila kitu cha nyumbani kilikuwa na mtu aliyekitengeneza. Ninyi mliokulia kwetu Buswelu wakati nyumba bado zinahesabika na kati yake ni mashamba ya mihogo mtanielewa. Kitanda kilikuwa cha fundi fulani, kabati la fundi fulani, na mlango ukigoma kufunga ulijua umlaumu nani. Kwetu aliyelaumiwa alikuwa baba.

Karakana yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba, na katikati ya banda ulisimama msumeno wa mkanda: utepe wa chuma wenye meno, ulioungwa ukawa duara, unaozunguka juu ya magurudumu mawili makubwa, moja juu na jingine chini, mbao ikipita katikati. Ulikuwa mrefu kuliko baba, wa chuma kizito cha kumimina, na rangi yake ya kijani ilikuwa imebaki kwenye pembe tu. Ulitoka kwenye karakana ya misheni ng'ambo ya ziwa, ukavushwa kwa kivuko cha Kamanga kabla sijazaliwa. Baba alisema waliubeba wanaume sita, na wawili kati yao hawajawahi kuelewana tena. Ubavuni ulikuwa na herufi zilizochomoza za lugha nisiyoijua hadi leo. Hapo ndipo nilipojifunzia kusoma, nikipapasa herufi moja moja kwa kidole, baba akinitajia majina yake.

Mashine ile haikutetemeka. Baba aliweka kikombe cha chai juu ya meza yake, akawasha, na chai ikatulia kama iko sebuleni. Magurudumu yalivalishwa mpira wa tyubu ya baiskeli aliyoikata mwenyewe. Mkanda ukikatika hakununua mwingine. Aliuunga kwa moto wa mkaa na kipande cha shaba, akapiga tupa, ukarudi kazini. Watengeneza mitumbwi walimletea magogo waliyoyachagua kwa kupinda kwake, akawakatia mataruma, zile mbavu za ndani ya mtumbwi. Misumeno mingine ilijua kwenda mbele tu. Huu ulijua kukata kona.

Na sisi watoto tuliishi juu ya vumbi lake. Mama alilishindilia kwenye jiko la kopo, likawaka taratibu kutwa nzima, na juu yake ikachemka michembe, vile viazi vilivyokaushwa, tukavila na karanga hadi tumbo likawa ngoma. Vipande vilivyobaki vilikuwa malori yetu. Kombolela tulicheza nyuma ya mbao za mninga, na aliyejificha huko alijulikana kwa kupiga chafya. Mwalimu wa darasa la pili aliwahi kuniuliza kama nalala sandukuni, maana nywele zangu zilinukia mbao.

Siku hizi wadogo zetu wananunua meza ikiwa ndani ya boksi, na pakiti ya skrubu na mchoro. Wanaifunga, skrubu moja inabaki, na hakuna anayeuliza ilitakiwa kukaa wapi. Nimeona pia msumeno mpya wa bati kwa fundi mmoja Mkuyuni. Ukiwashwa unatembea sakafuni kama bata, na fundi anaufuata.

Baba alikuwa na mambo mawili ambayo hatukuyaelewa. La kwanza ni kwamba hakutaka kusalimiwa mashine ikiwa inazunguka. Kwa watu wazima wote wa mtaani ukipita bila shikamoo umekwisha, lakini kwake ukitamka shikamoo pale mlangoni ulipigwa kofi la mgongo. "Subiri inyamaze," alisema. "Salamu haiozi." Majirani walisema fundi ana kiburi. La pili ni mkono wake wa kushoto, uliokosa kidole cha mwisho na nusu ya kile cha jirani. Alituambia vililiwa na sangara. Alikuwa ananawa mikono ufukweni, samaki huyo, mkubwa kama ndama, akatokea, akaondoka navyo. Shuleni niliitangaza hadithi hiyo kwa fahari, na kuna wenzangu ambao mpaka leo hawanawi mikono ziwani.

Basi Jumamosi nilifika nyumbani nikakuta mkokoteni umeegeshwa mlangoni pa karakana, na kabla sijauliza nikasikia nyundo. Nilikimbia. Gurudumu la juu lilikuwa limelala chini kwenye vumbi, na Shija, mnunuzi wa vyuma chakavu, mtu mzima mwenye kitambi na kofia ya sufu, alikuwa ameinua nyundo kubwa kwa mara ya pili. Chuma cha kumimina hakipindi. Kinapasuka kama chungu. Pigo la kwanza lilikuwa limeng'oa kona ya meza. Niliona chuma kipya kikimeta ndani yake, cheupe kama mfupa.

"Weka chini!"

"Pole, dada," alisema Shija. "Nzima haiingii mkokotenini. Hata mimi inaniuma. Chuma hiki siku hizi hakipatikani."

"Kwa hiyo unakivunja?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Mama alitoka jikoni akifuta mikono kwa kanga. "Muache, Kabula. Nimemwita mimi."

"Mama, hii ni ya baba!"

"Ni ya baba. Na vidole pia vilikuwa vya baba."

"Vidole vililiwa na sangara."

Shija alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake.

"Una shahada, mwanangu," mama alisema, "na bado una sangara kichwani?"

Akakaa juu ya gogo, akanieleza. Nilikuwa sijatimiza miaka minne. Wiki ile alikuwa amenifundisha shikamoo, na nilikuwa namsalimia kila kiumbe, hadi mbuzi. Asubuhi moja niliponyoka mkononi mwake, nikasimama mlangoni pa karakana, nikapiga kelele, "Shikamoo, baba!" Baba alikuwa anasukuma mbao. Akageuza kichwa.

"Alikuitikia marahaba kwanza," mama alisema. "Aliimaliza yote, ndipo akatazama mkono. Akaniapisha nisikwambie kamwe. Nimenyamaza miaka yote hii. Lakini Pasaka ulisema unataka kujifunza kuitumia. Nikaona bora iende kabla haijachukua na vya kwako."

Nilitazama vidole vyangu kumi kana kwamba nimeviazima. Mimi, ninayesoma ujumbe mfupi mara tano kabla ya kuutuma, nilikuwa nimeishi miaka ishirini na tatu bila kuwaza hata mara moja kwamba sangara hana meno ya kukata mfupa ukanyooka vile.

"Alipumzika muda gani?" niliuliza.

"Wiki tatu. Kisha akarudi kwenye hiyohiyo. Nililia, hakusikia."

Wiki tatu. Halafu akanichukua, mimi huyohuyo, akaniketisha karibu na mashine hiyohiyo ikiwa imezimwa, akaanza kunifundisha herufi kwa mkono wenye vidole vitatu na nusu. Leo kitu kikikuumiza unakitoa nyumbani, na mtu akikuumiza unafuta namba yake. Baba hakuondoa chochote. Alitunga samaki.

"Dada, amua," Shija alisema. "Mkokoteni wenyewe nimeazima."

Nilimwambia mama kwamba mashine haiondoki, na kwamba sitaigusa mpaka iwe na kinga. Hakusema ndiyo. Alisema, "Kinga ya chuma, si ya maneno," akarudi jikoni.

Shija alinisaidia kurudisha gurudumu mahali pake, akinung'unika kwamba anafanya kazi kinyumenyume. Jumatatu nilimleta fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Mkuyuni, akafunika mkanda wote, akaacha upenyo mdogo wa kupitisha mbao tu, na akaifunga ile kona ya meza kwa bamba na boliti. Nikaita majirani, tukaigeuza mashine ili anayekata mbao autazame mlango badala ya kuupa mgongo. Jumamosi iliyofuata nilichukua kipande cha mninga, nikachora mstari kwa penseli, nikawasha.

Mkato wangu wa kwanza ulipinda vibaya. Nikazima, nikachora mstari mwingine, nikawasha tena.