Mkono Uliobaki Begani

Mtu akikuambia Duodu alipoteza jicho kwa ugonjwa, mwambie ni mwongo. Lilitobolewa mchana kweupe, hapa hapa Asafo, Kumasi, nami nikiwa na mwiko wa kukaangia viazi vikuu mkononi.

Duodu ni mpiga picha, na riziki yake hasa ni mabango ya misiba. Mletee picha ya marehemu aliyesimama kando ya banda la kuku. Atamkata kwenye kompyuta, ambandike mbele ya ghorofa na maua, utadhani alikuwa waziri. Ana mdomo mchafu, lakini kazi anaijua.

Mzee Gyasi alipokufa, mpwa wake Bempah alikuja dukani kwa Duodu na vijana wenye mapanga. Kwetu mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada yake, lakini mke halali hatupwi nje hivi hivi. Bempah aliitaka nyumba tupu, kwa hiyo akatangaza kila mahali kwamba Frema, mjane wa Gyasi, alikuwa hawara tu, kwamba pombe ya ndoa, ile inayomhalalisha mke, haikupelekwa kwa wazazi wake kamwe.

Sasa, picha nzuri ya Gyasi ilikuwa moja tu, na Duodu ndiye aliyeipiga, siku ile ile ya pombe. Nyuma kuna meza, chupa, na wazee wa pande zote mbili. Bempah mwenyewe yuko ubavuni mwa mjomba wake, anacheka.

"Ondoa hao wote," Bempah akasema. "Weka ghorofa. Halafu futa picha ya mwanzo."

"Huyu si wewe, bwana mkubwa?" Duodu akamuuliza. "Nikufute na wewe?"

Mjinga! Angenyamaza angekufa? Kofi likamwangusha kutoka kitini. Akainuka, akawatukania mama zao, nao wakamshukia kwa mateke na ubapa wa panga. Niliacha karai langu la viazi, nikavuka barabara na mwiko wangu wa moto, nikamchapa mmoja shavuni. Mwenzake akanisukumia mtaroni. Nilipoinua kichwa, chupa ya soda ilikuwa imempasukia Duodu usoni. Wakamketisha tena mbele ya kompyuta, panga shingoni. Akafanya kazi huku damu ikimdondoka kwenye vitufe. Walipopata bango lao wakaivunja mashine, wakaenda zao.

Siku ya msiba uwanja ulijaa nguo nyeusi na nyekundu. Duodu alikuja na bandeji yake jichoni, nilimkataza, hakusikia. Frema alipotaka kukaa na wafiwa, vijana wakamburuta kwa nywele mbele ya watu wazima, na Bempah akashika kipaza sauti.

"Sijawahi kukanyaga kwa wazazi wa mwanamke huyu! Sijui pombe, sijui ndoa!"

Frema, mdomo umepasuka, akainua macho amwone mumewe kwenye bango. Akapiga ukelele.

"Basi mkono huo wa nani?"

Loh! Wote tulikuwa tumeishangaa ghorofa. Begani kwa Gyasi palibaki mkono usio na mwenyewe, umefungwa kitambaa cha kijani. Tuliokuwepo siku ya pombe tulikumbuka mara moja: Bempah alijikata kiganja akifungua kreti, mama yake Frema akachana kilemba chake akamfunga. Tulimcheka mpaka machozi.

Bempah akalirukia bango alichane. Mkuu wa ukoo akamdaka mkono, akageuza kiganja juu, na kovu likaonekana. Watu walivyomshukia baada ya hapo, kwa ngumi na miguu ya viti, sikumhurumia hata kidogo. Na nilimpiga na mimi.

Frema bado anaishi nyumbani kwake.

Watu humsifu Duodu kwamba aliuacha ule mkono makusudi. Nilimuuliza.

"Makusudi gani, mama? Damu ilinijaa machoni. Sikuuona."

Frema humletea fufu, ugali wetu wa muhogo, mpaka leo. Duodu akimimina maji, humwaga nje ya kikombe, hutukana, na Frema humshika mkono akamwelekeza.