Hadithi Iliyolalwa Katikati

Mwalimu Scola alikuwa na madaftari kumi na moja ya hadithi za kale za Wasukuma, na pale kijijini Kasoli hakuna aliyeona faida yake. Mwalimu mkuu alimwambia waziwazi kwamba soko huria limeingia, watoto wafundishwe biashara. "Zimwi halinunui pamba, mwalimu," alisema, na ofisi nzima ikaangua kicheko. Scola alikuwa amekanyaga baiskeli hadi Nassa na Kiloleli kuwasikiliza wazee kabla hawajazikwa na hadithi zao, na shukrani yake ikawa kuitwa Mama Mazimwi.

Basi, msimu wa tatu tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, mbegu za pamba ziligoma kuota. Mvua ilinyesha vizuri, mashamba yakabaki matupu. Mbegu hizo zililetwa na Joakim, kijana wa palepale aliyegeuka mfanyabiashara, mwenye pikipiki na maneno matamu. Ungedhani angeulizwa yeye. Thubutu! Joakim aliwahi kupiga yowe kabla ya wote: mbegu zimelogwa, na mchawi ni Nyamizi, mjane anayeishi peke yake nyuma ya shule. Kwani hamwoni macho yake yalivyo mekundu?

Mekundu, ndiyo! Kuni ziliisha zamani. Mwanamke akipikia kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini katika nyumba isiyo na dirisha, macho yake yawe na rangi gani? Waliomnyooshea kidole walilishwa na mama zao kwa moshi uleule.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaitisha mkutano uwanja wa mnada. Nyamizi akaketishwa chini vumbini. Joakim akawakumbusha watu hadithi waliyoisikia utotoni: bibi kizee mwenye macho mekundu aliyekutwa akichochea chungu, wakati mbegu za nchi nzima hazioti.

"Wote mnaijua," alisema. "Alizichemsha! Wazee wetu hawakutudanganya."

Watu wakaguna kukubali. Vijana wakashika marungu.

"Na baada ya hapo?" Scola alisimama. "Joakim, nakuuliza, hadithi inaishaje?"

Joakim hakujua. Hakuna aliyejua. Hadithi ile ni ndefu, husimuliwa baada ya chakula, na kila mtoto alisinzia ilipofika kwenye chungu. Wakakua na nusu yake, na sasa walitaka kuua mtu kwa nusu hiyo.

Scola akaimalizia. Chungu kilipofunuliwa, kilikuwa na mlenda. Ndipo mtemi akauliza nani alipiga yowe la kwanza, na watu wakaenda kwa mtu huyo wakiimba. Scola naye akaimba, kwa Kisukuma, kwa sauti yake mbaya, bila aibu: aliyepiga yowe, ghala lake liko wapi?

Kisha mzee Mayala, aliyeshika kamba ya kumfungia Nyamizi, akaitikia kabla hajajua anasema nini: "Lifunguliwe!" Alikuwa ameusikia wimbo ule usingizini, mgongoni kwa nyanya yake. Wanawake wakadakia. Lifunguliwe!

"Jamani, hizo ni ngano tu!" Joakim akapaza sauti. "Tuko karne ya sayansi!"

Karne ya sayansi! Dakika tano zilizopita ngano hiyohiyo ilitosha kumwua mama wa watu.

Ghala la Joakim likafunguliwa. Magunia yalijaa mbegu kuukuu zilizoota ukungu. Mayala akatafuna moja, akatema.

Uwanjani, Nyamizi alibaki peke yake na Scola. Hakuna aliyekumbuka kumwomba radhi. Wote walikuwa wamekimbilia ghalani.

"Mayu, mama yangu, twende nyumbani," Scola alisema, akamkung'uta vumbi.

"Na kama mzee yule angeusahau wimbo, mwanangu?" Nyamizi aliuliza.

Jumatatu Scola aliingia darasa la nne na daftari la hadithi, akafuta hesabu ubaoni huku mwalimu mkuu akimtazama kutoka mlangoni, safari hii bila kucheka.

"Amkeni," aliwaambia watoto. "Leo tunaanzia mwisho."